Ski za kuchezea kwenye theluji laini: usinunue kwa macho kama mimi



Niko Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Kuna vijana wawili wa Bukavu wamehamia mtaani kwetu, kila siku wananiuliza: kaka, tununue ski gani? Nikaona badala ya kujibu kwenye simu niandike hapa mara moja, wasome wote.

Na wewe uliyekaa kafe Mwanza au Kakamega ukimalizia nusu saa yako, usifunge ukurasa ukisema haya ni mambo ya wazungu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye ski katika Olimpiki ya PyeongChang. Hujui maisha yatakutupa wapi.

Kwanza theluji yenyewe. Milima iliyo juu ya mji huu, sehemu kama Alta na Snowbird, hupata kwa wastani zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu. Na ni theluji kavu, nyepesi, ukiipuliza inaruka. Wenyewe wanaiita unga. (Nikisema unga msinielewe vibaya jamani, ni theluji tu.)

Basi bwana, msimu wangu wa kwanza nikaenda duka la mtumba, nikakuta ski nyekundu zinang'aa, dola 90. Nikazibeba mbio mbio kabla mwingine hajaziona. Kumbe ni za mashindano: nyembamba, ngumu kama mlingoti. Siku ya kwanza usiku ulikuwa umeshusha theluji ya kufika magotini. Nikashuka mita kumi, ncha zikazama, mimi nikaruka mbele, ski zikabaki nyuma. Nilizitafuta humo chini kwa nusu saa huku watoto wa miaka saba wananipita wakiimba.

Hapo ndo nilianza kuuliza. Niliyojifunza ni haya.

1. UPANA. Mtazame kuku na bata kwenye tope. Kuku anazama, bata anapita kwa sababu mguu wake umetanuka. Ski ya mashindano ina kama milimita 65 hadi 70 chini ya buti. Ya theluji laini ina 105 hadi 120. Kwenye ski utakuta namba tatu zimeandikwa: mbele, katikati, nyuma. Tazama ya katikati.

2. UMBO. Waliokulia pwani hili watalielewa upesi. Chombo kina omo iliyonyanyuka ili kipande juu ya wimbi, kisilichimbe. Ski za zamani zilikuwa na ncha fupi tu iliyopinda. Za sasa zinaanza kunyanyuka mapema kabisa, omo na tezi, wenyewe wanaita roka. Aliyelisukuma sana wazo hili ni Shane McConkey, aliyewahi kujaribu ski za kuteleza majini juu ya theluji. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa ski yake iliyoitwa Spatula, imejipinda kama ndizi, ncha zote mbili juu. Watu walicheka. Leo karibu kila ski ya theluji laini ina damu yake kidogo. Ila nyingi zimebakiza upinde wa kawaida chini ya buti, ili zishike pale theluji inapokuwa ngumu.

3. UCHEZAJI. Hapa ndo tofauti kubwa. Kuna ski pana za mwendo kasi, na kuna ski pana za kuchezea: kuruka, kuzunguka, kuteleza kinyumenyume, kukata kona ghafla kati ya miti. Ya kuchezea utaitambua hivi: mkia umenyanyuka kama kichwa, ncha zinapinda ukizibonyeza kwa mkono, na buti linafungwa karibu na katikati. Kwenye ski za kasi buti hukaa kama sentimita 8 hadi 11 nyuma ya katikati. Kwenye za kuchezea ni kama 2 hadi 6. Ndo maana unaweza kuizungusha kirahisi, uzito wa mbele na nyuma unakaribiana. Mfano unaojulikana ni Atomic Bent Chetler, iliyopewa jina kutokana na Chris Benchetler.

Hasara yake? Ukienda kasi kwenye theluji ngumu, ncha laini zinapiga kelele na kutetemeka. Na kama wewe ni mzito, ukichukua laini mno itakukunja. Jipime.

4. UREFU. Kwa sababu ncha zimenyanyuka, sehemu inayogusa chini kwenye theluji ngumu ni fupi. Kwa hiyo usiogope ski inayofika utosini au kuzidi kidogo.

Sasa kosa langu la pili, na hili ndo linaniuma. Baada ya aibu ile nikakesha kwenye video: jamaa wanaruka, theluji mpaka kifuani, muziki juu. Nikanunua mpya, milimita 122, pamoja na vifungio ikafika dola 1,000 na ushee. Mwezi ule ada ya mdogo wangu ilichelewa wiki tatu. Alirudishwa nyumbani. Mama hakunigombeza, alisema tu, "Ukipata utatuma, mwanangu." Bora angenigombeza.

Na afu zile ski? Siku za unga zilikuwa balaa, sikatai. Lakini mimi napumzika Jumapili, na theluji haijui Jumapili. Siku nyingi nilikuta imeshakanyagwa na watu, ngumu. Ski pana hivyo inachukua nguvu kuilaza ubavu, magoti yakaanza kulia. Nikaiuza kwa hasara, nikachukua 106 ya kuchezea, ya mtumba, msimu mmoja tu imetumika. Hiyo ndo ninayo mpaka leo na sina hamu na nyingine.

Kwa hiyo vijana wangu wa Bukavu, jibu ni hili: nunua ski ya theluji unayoikuta siku zako za mapumziko, usinunue ya kwenye video. Kwa wengi wetu wa boksi, ni milimita 100 hadi 110.

Mawili ya mwisho, na haya si utani. Vifungio vifungwe na fundi, avipime kwa uzito wako, urefu, umri, uwezo na buti lako. Mguu hauna spea.

Pili, ski hizi zinakuita kwenye miti. Chini ya misonobari theluji huacha shimo lisiloonekana. Jamaa yetu mmoja alitumbukia kichwa chini. Tulimwona kwa sababu tulikuwa watatu na tunaangaliana, tukamfukua kwa mikono. Angekuwa peke yake tungekuwa tunachanga rambirambi. Na ukitoka nje ya eneo linalolindwa kuna maporomoko: soma taarifa ya Utah Avalanche Center asubuhi, beba kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, na ujue kuvitumia. Aliyefukiwa ana dakika kama 10 hadi 15 tu za matumaini makubwa. Ski hata ya dola elfu haikufukui.

Haya, uwanja ni wenu. Walioko Denver, Vancouver na Uswisi, semeni nanyi mnatumia upana gani. Na wa nyumbani mwenye swali aulize, hata lile analoona ni la kijinga. Mimi niliuliza mengi ya kijinga, ila nilichelewa kuyauliza.