Mradi wa programu ukichelewa, kuongeza watu si dawa

MANAHODHA wengi, chombo huenda mrama. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya tarakilishi, lakini wanaounda programu wanaifahamu maana yake kwa uchungu.

Mradi unapochelewa, jambo la kwanza ambalo wakubwa hufikiria ni kuongeza watu. La pili ni kuwataka wote wakeshe kazini. Mara nyingi hatua hizo hurefusha safari badala ya kuifupisha, na huwaacha wafanyakazi wakiichukia kazi waliyoisomea kwa hamu.

Suala hili haliwahusu wataalamu pekee. Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe nchini Machi 2007, maisha ya Mkenya wa kawaida yamezidi kufungamana na programu. Anayelipa karo na anayesubiri matibabu wote hukwama pindi mitambo inapogoma. Kosa lililofanywa saa nane za usiku na mtu aliyechoka humfikia mama mboga asubuhi.

Mmoja wa waliolieleza tatizo hili mapema ni Mmarekani Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu endeshi ya mitambo ya IBM System/360, iliyotangazwa Aprili 1964. Kazi hiyo ilichelewa mno. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1975, Brooks alikiri makosa yake mwenyewe na kutoa kanuni inayobeba jina lake hadi leo: kwamba watu wanaoongezwa katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi.

Sababu moja ni kuwa mgeni hana budi kufundishwa, na anayemfundisha ni yule yule aliyekuwa akiisukuma kazi mbele. Nyingine ni mawasiliano. Watu 5 wana jozi 10 za kushauriana. Wakiwa 10, jozi huwa 45. Wakifika 20, huwa 190. Mtu anaweza kushinda mikutanoni tangu asubuhi hadi jioni bila kuandika hata mstari mmoja.

Sisi wa meza ya uhariri twaijua hali hiyo. Ukurasa ukichelewa saa tatu za usiku, kumleta mhariri wa pili kwenye taarifa ile ile humaanisha tu kwamba sasa kuna wawili wanaobishana kuhusu kichwa cha habari.

Katika kitabu hicho hicho, Brooks alizitaja pia raha za kazi hiyo: kuumba kitu, kuwaona wengine wakinufaika nacho, na kujifunza jipya kila siku. Hapo ndipo kilipo kiini cha mambo, na nadhani wasimamizi wengi wamepapita. Raha ya timu hailetwi na chai ya bure wala meza ya michezo ofisini. Huja pale kitu ulichokiunda kinapofanya kazi. Chochote kinachouahirisha wakati huo huua raha na tija kwa pamoja.

Mnamo 1996, kampuni ya magari ya Chrysler ilimwita mtaalamu Kent Beck kuunusuru mradi wa programu ya mishahara. Kazi iligawanywa katika vipande vya wiki chache, kila kimoja kikimalizika kikiwa kinafanya kazi. Waundaji waliketi wawili wawili mbele ya tarakilishi moja. Mmoja akiandika, mwenzake akisoma na kuuliza, kisha wakibadilishana. Aidha, kabla ya kuandika sehemu yoyote, waliandika kwanza jaribio la kuipima, hivi kwamba tarakilishi yenyewe iliwajulisha mara moja iwapo wameharibu kitu.

Mkuu wa fedha atauliza kwa nini alipe mishahara miwili kwa kazi ya mtu mmoja. Ni swali halali. Jibu ni kuwa kuandika ndiyo sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni kufikiri na kusaka makosa yaliyojificha. Isitoshe, mmoja akiugua au akihamia kampuni nyingine, haondoki na siri zote kichwani. Hata hivyo, si kila mtu afurahiaye kuchunguliwa begani kutwa nzima, na ni busara kuiweka mbinu hii kwa kazi ngumu tu.

Beck alishikilia pia wiki ya kazi ya saa 40. Programu hiyo ilianza kulipa sehemu ya wafanyakazi mwaka wa 1997, lakini mradi wenyewe ukasitishwa mwaka wa 2000, kwa hivyo asidhani mtu kwamba mbinu hizi ni hirizi. Fikra zake zilidumu. Februari 2001, wataalamu 17, Beck akiwa miongoni mwao, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah na kutoa azimio ambalo moja ya nguzo zake ni kwamba timu ifanye kazi kwa mwendo inaoweza kuudumisha.

Utulivu nao una uzito wake. Tom DeMarco na Timothy Lister, katika kitabu chao cha mwaka wa 1987, waliwalinganisha mamia ya waundaji programu waliopewa kazi moja. Waliong'ara walikuwa, kwa jumla, wale waliofanyia kazi mahali patulivu na kukatizwa mara chache. Muundaji programu ni kama aliyejitwika mtungi bila kata: ukimgusa bega, maji yanamwagika naye hana budi kurudi kisimani.

Kuna pia suala la lawama. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali nchini Marekani na kukuta kwamba zilizoongozwa vyema ziliripoti makosa mengi zaidi. Hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wake hawakuogopa kusema. Meneja ambaye swali lake la kwanza ni "nani kafanya hivi?" ajue kwamba kosa lijalo litafichwa.

Je, aliyechelewa tayari afanye nini? Apunguze kazi badala ya kuongeza watu. Mfano uko nyumbani. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kikundi kidogo kilichowajumuisha Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia kiliunda tovuti ya Ushahidi kwa siku chache tu, wakiwa katika nchi tofauti. Toleo la kwanza lilikuwa na jukumu moja: kupokea taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Mengine yaliongezwa baadaye, na kufikia Januari 2010 programu hiyo ilikuwa ikitumika nchini Haiti kufuatia tetemeko la ardhi.