Uwanja wa Watu Wote

Mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na hata leo twazoea kuipima ardhi kwa kile kilichofichwa chini yake. Mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya kiwanja kimoja mtaani Kasulo, majirani walichimba uani mwao na hata ndani ya nyumba. Basi yafaa tuulize: je, ardhi isiyochimbwa wala kujengwa haina faida? Jibu twalipata Nairobi, mji mkuu wa Kenya.

Huko, mwaka 1969, Rais Jomo Kenyatta alifungua bustani ya watu wote, jina lake Uhuru Park. Ukubwa wake ni kama hekta 13. Palikuwa na majani ya kukalia, miti ya kivuli, na ziwa lililochimbwa na watu, ambamo jamaa walipanda mashua. Asiye na ua kwake alipata hapo mahali pa kuwapumzisha watoto. Mwaka 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alisoma hapo Misa ya kufunga Kongamano la Ekaristi Takatifu, na mwaka 2010 katiba mpya ya Kenya ilitangazwa papo hapo.

Lakini bustani hiyo ilikaribia kupotea. Mwaka 1989 chama kilichotawala, KANU, kilitaka kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Mama Wangari Maathai, aliyesomeshwa na Masista wa Loreto huko Limuru, alikataa. Hakushika silaha, alishika kalamu, akawaandikia wakubwa wa serikali na wenye fedha wa ng'ambo. Alidhihakiwa bungeni, na chama chake cha kupanda miti kikafukuzwa ofisini. Hakunyamaza. Mwishowe wenye fedha walijitoa, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mali ya wote hupotea upesi, kwa kuwa kila mtu hudhani mwenzake ataitunza. Enyi wazazi, waonyesheni watoto wenu viwanja vya wote vilivyosalia mtaani: uwanja wa mpira, uwanja wa shule, mahali penye mti wa kivuli. Nanyi wanafunzi, jifunzeni kuandika barua iliyo wazi na yenye adabu. Asiyejua kilicho chake hawezi kukitetea, na uwanja ukiisha kuchimbwa haurudi tena.