Mkanda wa Tumbo au Pete ya Mfuko wa Chakula?



Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi maelezo ya tiba moja ya unene uliokithiri. Mmoja aliandika kwamba mgonjwa "atafungwa mkanda wa tumbo". Wenzake walielewa kuwa ni ule mkanda wanaojifunga akina mama baada ya kujifungua. Mwingine aliandika "kufunga tumbo", na baadhi yetu tukadhani ni kufunga kizazi. Tulicheka, lakini mgonjwa anayetia saini fomu ya kukubali upasuaji hana la kuchekea. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha maneno yake.

Unene uliokithiri hupimwa. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mtu wa kilo 120 mwenye urefu wa mita 1.65 hupata takriban 44. Kuanzia 30 unene huhesabiwa kuwa umekithiri, na hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka. Kwa hiyo "kitambi" si tafsiri yake. Mtu anaweza kuwa na kitambi bila kufikia kiwango hicho.

Kifaa tunachokizungumzia ni pete ya silikoni. Daktari huizungusha sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, karibu na mwisho wa umio. Juu ya pete hubaki kijifuko ambacho hujaa kwa chakula kidogo, na mtu hushiba mapema. Upande wa ndani wa pete una puto, lililounganishwa kwa mrija na kidude kama kitufe kilichowekwa chini ya ngozi. Daktari hudunga sindano katika kidude hicho: akiongeza maji ya chumvi, pete hubana, akiyapunguza, hulegea. Mfuko wa chakula haukatwi, na pete yaweza kutolewa.

Pete ya namna hii ilibuniwa na daktari Lubomir Kuzmak huko Marekani mnamo 1986. Mwaka 1993, katika mji wa Huy, Ubelgiji, Mitiku Belachew, daktari mzaliwa wa Ethiopia, aliiweka kwa kupitia matundu madogo bila kupasua tumbo kwa mkato mrefu. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 2001, na ikapendwa sana.

Hata hivyo, sifa zake zilififia. Kwa baadhi ya wagonjwa pete iliteleza, kwa wengine ilipenya ukuta wa mfuko wa chakula, au mrija ulivuja. Wengine hawakupungua vya kutosha. Aidha, soda na vinywaji vitamu hupita katika pete bila kuzuiwa, hivyo asiyebadili ulaji hafaidiki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi walirudi hospitali kutolewa pete, na siku hizi madaktari wengi hupendelea upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ambao hauwezi kurudishwa nyuma.

Hapo ndipo neno linapobeba uzito. Anayetafsiri upasuaji huu wote kwa "kupunguza tumbo" humficha mgonjwa tofauti kubwa: mmoja huacha pete inayoweza kutolewa, mwingine hukata moja kwa moja.

Tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, tuseme "mfuko wa chakula", maana "tumbo" huweza kuwa la nje, la ndani, hata la mimba. Pili, tuseme "pete inayorekebishika", si "mkanda". Tatu, tutumie kitenzi "kuwekewa", kwani "kuvishwa pete" kwetu ni habari ya uchumba. Nne, tutenganishe "kubana" na "kukata" kila mahali.

Walimu wenzetu, baada ya wanafunzi kutafsiri, wasomeeni sentensi zao watu wasio madaktari na kuwaomba waonyeshe kwa kidole pete inakaa wapi. Wakionyesha kiunoni, tafsiri ianzwe upya.

Tunakaribisha maoni na istilahi zenu kwa toleo lijalo.