Kompyuta Inapokataa Kujiunga na Kikoa cha Afisi

Kwa taarifa ya wafanyakazi wa Serikali, Unguja na Pemba, pamoja na wananchi wanaohudumiwa katika afisi hizo.

Mwananchi anayefika dirishani kufuatilia hati yake na kujibiwa kwamba "mtandao hakuna" kwa kawaida haelezwi zaidi ya hapo. Mara nyingi mtandao huwa mzima. Kilichokosekana ni kompyuta moja kutambuliwa na kikoa cha afisi, na tatizo hilo huweza kuondolewa kwa muda mfupi iwapo chanzo chake kitatafutwa kwa utaratibu.

Neno kikoa si geni visiwani. Wazee wetu walikula kikoa, kila mmoja akitoa kwa zamu yake, na mtu asiyejulikana hakukaribia sinia. Kikoa cha kompyuta nacho ni orodha moja ya watumiaji, mashine na ruhusa, inayotunzwa na seva iitwayo kidhibiti cha kikoa. Mfumo wa Windows NT ulikuwa na vikoa tangu miaka ya 1990. Mfumo wa Active Directory, ulioingia pamoja na Windows 2000, ndio unaotumika hadi leo katika afisi nyingi. Ieleweke mapema kwamba Windows ya toleo la Home haijiungi na kikoa kwa njia yoyote, hivyo afisi zinazonunua kompyuta ziangalie toleo kabla ya kuangalia bei.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa ni huduma ya majina, yaani DNS. Kompyuta haikijui kidhibiti kwa sura. Huuliza DNS kidhibiti kiko wapi. Iwapo imepangiwa anwani ya DNS ya kampuni ya intaneti, au ya hadharani kama 8.8.8.8, itaulizia jina la ndani mahali ambapo halijulikani. Dalili yake huwapotosha wengi: kurasa za intaneti zinafunguka vizuri, lakini kikoa hakipatikani, na nambari 1355 hutokea. Amri ya ipconfig /all itaonesha anwani iliyopo. Iwekwe anwani ya DNS ya kikoa peke yake, na nafasi ya pili isijazwe anwani ya nje kwa kisingizio cha tahadhari, kwani siku moja kompyuta itaiuliza hiyo. Ruta ndogo zinazoingizwa afisini bila ya idhini nazo hugawa anwani zao wenyewe na kuleta kasoro hiyohiyo. Aidha, jina la kikoa liandikwe kamili, pamoja na nukta zake.

Baada ya hapo itazamwe saa. Kanuni ya uthibitisho iitwayo Kerberos, kwa mpangilio wake wa kawaida, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 baina ya kompyuta na kidhibiti. Betri ndogo iliyomo ndani ya kompyuta ikichoka, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na visiwa hivi havihitaji kukumbushwa habari ya umeme: Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Yupo pia anayeandika 2:00 kwa kuwa ni saa mbili asubuhi. Huyo ameirudisha mashine nyuma kwa saa 6. Na iwapo ukanda wa saa umeachwa wa Marekani, saa inaweza kusomeka sawa kiooni na bado hesabu ya ndani ikawa na makosa. Ukanda sahihi ni wa Afrika Mashariki, saa 3 mbele ya saa ya dunia.

Kuhusu ruhusa, Active Directory huanza kwa kumruhusu mtumiaji wa kawaida kuunganisha kompyuta 10, kisha humkatalia. Afisi makini huondoa kabisa ruhusa hiyo na kuikabidhi kwa maafisa maalumu. Neno la siri la msimamizi mkuu lisitolewe kwa simu wala kuandikwa kwenye karatasi ili kuharakisha kazi. Mwenye neno hilo anaweza kufungua mafaili ya mishahara na ya wagonjwa kwa pamoja.

Jina la kompyuta lisizidi herufi 15, wala lisifanane na la mashine nyingine, kwani mpya ikichukua jina, ya zamani hupoteza imani ya kikoa. Tangu marekebisho ya usalama ya Oktoba 2022, kutumia tena akaunti iliyokwishaundwa na mtu mwingine huzuiwa na kutoa nambari 2732. Hapo akaunti ya zamani ifutwe na afisa mwenye mamlaka, au litumike jina jipya.

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta iliyofungiwa stoo kwa miezi hutolewa kwenye kikoa. Sivyo. Kompyuta hubadilisha neno lake la siri kila siku 30, lakini inayoanzisha mabadiliko ni yenyewe. Ikizimwa, neno linabaki lilelile pande zote mbili. Imani huvunjika zaidi pale mashine inaporejeshwa kwenye nakala ya zamani au akaunti yake inapofutwa.

Kabla ya kuitoa mashine kwenye kikoa ili iunganishwe upya, ihakikishwe kwamba neno la siri la msimamizi wa mashine yenyewe linajulikana, vinginevyo hakuna atakayeweza kuingia. Diski isifutwe, kasoro hizi hazihitaji hatua hiyo. Afisa anayeomba msaada apeleke kwa kitengo cha kompyuta cha wizara yake nambari ya kosa pamoja na mistari ya mwisho ya faili C:\Windows\debug\netsetup.log.

Wakati matengenezo yakiendelea, mwananchi asirejeshwe nyumbani. Akaunti ya mfanyakazi imo kwenye kikoa, na kwa kawaida anaweza kuingia kwa jina lake katika kompyuta nyingine ya afisi hiyo na kuendelea kumhudumia.