Je, Wanaume Wamesahauliwa?



Huenda umesikia maneno haya mnadani au kwenye mizani ya pamba: "Siku hizi kila kitu ni wanawake. Mikopo ni yao. Shule ni za wasichana. Redioni wanaume tu ndio wabaya. Pamba ninalima mimi, mkopo anapewa mke wangu."

Maneno haya yana uchungu. Tusiyacheke. Tuyapime kama pamba, bila kuchezea mizani.

Mikopo ya halmashauri

Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi hukusanya mapato yake. Ushuru wa pamba ni sehemu ya mapato hayo. Tangu mwaka 2018, sheria inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Mikopo hiyo haina riba. Katika kila shilingi 100, shilingi 10 hutengwa hivi:

Wanawake: shilingi 4
Vijana: shilingi 4
Watu wenye ulemavu: shilingi 2

Basi, mikopo yote si ya wanawake. Vijana wa kiume wamo. Wanaume wenye ulemavu wamo. Lakini baba wa miaka 50 asiye na ulemavu hayumo. Hapo mlalamikaji amesema kweli.

Kwa nini wanawake walitengewa fungu? Benki hutaka dhamana, yaani mali ya kuwekwa rehani. Kwetu, shamba na ng'ombe kwa kawaida huhesabiwa kuwa mali ya baba. Mama amepalilia pamba na kuichuma, lakini hana mali ya kuweka dhamana. Baba anaweza kuuza ng'ombe apate mtaji. Mama hawezi.

Katiba yasemaje?

Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Inamlinda mwanamke, na inamlinda mwanamume. Lakini mwaka 2000 Bunge liliongeza jambo: Serikali haizuiwi kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Kumsaidia aliyeachwa nyuma si kumbagua aliye mbele.

Watoto wa kiume

Serikali imejenga shule za bweni za sayansi za wasichana mikoani. Wasichana wengi walikatishwa masomo kwa kuolewa mapema na kwa mimba. Lakini elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, ni ya watoto wote.

Hata hivyo, hapa Simiyu wapo wavulana wasiofika darasani. Wako porini na ng'ombe. Je, ni nani aliyewatoa shuleni? Si sheria. Si wasichana. Ni sisi wazazi.

Mwanamume anayeumizwa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume kumpiga mke. Inakataza pia mke kumpiga mume. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi huwapokea wote. Baba, ukipigwa usione aibu. Nenda ukaeleze.

Ufanye nini?

1. Mrudishe shuleni mtoto anayechunga.
2. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Uliza mapato na matumizi.
3. Kama umri wako umekuacha nje, mweleze diwani wako. Sheria si jiwe. Hapo mwanzo kijana alikuwa mtu wa miaka 18 hadi 35. Baadaye umri wa vijana wa kiume uliongezwa hadi 45.
4. Usimnyang'anye mkeo fedha za kikundi. Deni ni la kikundi, nao watalidai nyumbani kwako.

Lalamiko la haki lina mahali pake. Mahali hapo ni mkutanoni, si kwenye mgongo wa mke.

Maswali ya kujadili

1. Katika kila shilingi 10 za mikopo, vijana hupata shilingi ngapi?
2. Katika nyumba yako, nani huamua fedha za pamba zitumike vipi?
3. Ni wavulana wangapi kijijini kwenu wanachunga wakati wa masomo?