Sumaku na Ubongo: Wanyama Wametufundisha Nini?

Wapitao kwa miguu pale Petite Barrière, mjini Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, huchukua mizigo mizito vichwani. Lakini kilicho na thamani kupita mizigo yote kimo ndani ya kichwa chenyewe. Ni ubongo, wenye uzito upatao kilo 1.4, ambao hufanya kazi kwa umeme mdogo sana.

Je, yawezekana kuuamsha umeme huo bila ya kupasua fuvu? Yawezekana, na chombo chenyewe ni sumaku.

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ibadilikayo nguvu huzaa umeme katika waya ulio jirani. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, huko Sheffield, Uingereza, waliweka waya ulioviringwa juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha humo umeme mkali kwa muda mfupi mno. Mkono wa mtu yule ukashtuka, bila ya maumivu.

Ndugu msomaji, zingatia neno "ibadilikayo". Sumaku iliyotulia haizai umeme huo. Kwa hiyo mtu akikuuzia bangili au kofia ya sumaku kuwa ni dawa ya kifafa, usitoe fedha yako.

Ili kujua yanayotokea ndani ya ubongo, wataalamu huwatumia wanyama, hasa panya. Mwaka 2011 wataalamu wa San Antonio, Marekani, walieleza jinsi walivyoamsha ubongo wa nyani kwa sumaku huku wakiupiga picha. Nyani hao ni wa jamii ya wale waonekanao katika mbuga ya Akagera, Rwanda.

Hata hivyo mafunzo ya wanyama yana mipaka. Ubongo wa panya una uzito wa gramu 2 tu. Chombo kilichotengenezwa kwa kichwa cha mtu huufunika wote, mfano wa anayetaka kubisha mlango mmoja akaitikisa nyumba nzima. Tena mnyama aliyepewa dawa ya usingizi, ubongo wake hauitiki kama wa aliye macho. Kwa sababu hizo, lililofaa kwa panya si lazima limfae binadamu.

Matunda yamekwisha kuonekana lakini. Mwaka 2008 Marekani iliruhusu chombo cha namna hii kitumike kwa wagonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, ambao dawa hazikuwasaidia.

Askari na jamaa zao wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Mwenye kipande cha risasi, cha bomu au cha chuma chochote kichwani hana budi kumweleza daktari kabla ya kukaribia chombo hicho, kwani sumaku yaweza kukisogeza au kukipasha moto. Vivyo hivyo mwenye kifafa, kwa kuwa tiba hii, ingawa ni mara chache, huweza kuleta degedege.

Mgonjwa wa kifafa au sonona hakurogwa, wala si wa kufichwa chumbani. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja watamwandikia kwenda hospitali kubwa, kama ile ya Ndera, karibu na Kigali. Na dawa alizopewa asiziache mpaka daktari aseme.