Kikundi cha mazingira mtaani: kukianzisha ni rahisi, kukilea ndiyo kazi

JE, msomaji, umepata kuhesabu ni vikundi vingapi vya kutunza mazingira vilivyozaliwa mtaani mwenu kwa mbwembwe, fulana zikachapishwa, picha zikapigwa kando ya mtaro uliozibuliwa, kisha baada ya miezi mitatu kila mtu akarudi kwake na takataka nazo zikarudi mtaroni?

Ukivihesabu utaona ni vingi. Si kwamba watu wa mjini hawapendi usafi. La hasha! Hakuna mzazi afurahiaye kumwona mtoto wake akiruka maji machafu kila asubuhi aendapo shuleni. Aghalabu kinachoviua vikundi hivi ni jinsi vinavyoendeshwa.

Na hasara yake si ndogo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu na kubomoa nyumba katika mitaa ya Nairobi, Mathare ikiwa mojawapo. Mvua ya mwaka huo ilikuwa kubwa kupita kiasi, lakini mtaro uliojaa chupa na maganda haupitishi hata mvua ya kawaida. Kwa hivyo kikundi kinapokufa, wanaoumia ni majirani.

Ikiwa unataka kuanzisha kikundi chako, au unacho na kinalegalega, tafakari haya.

Lipa kilichoishi

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, chini ya baraza la kitaifa la wanawake. Siku ya Juni 5 mwaka huo ilipandwa miti saba tu katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Miaka 27 baadaye, mwaka 2004, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuipata.

Watu wengi hukumbuka tuzo, lakini husahau utaratibu wake. Kina mama wa vijijini walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche walioupanda, na malipo yalitolewa kwa mche ulioishi. Mche uliokauka haukuwa na malipo. Hivyo kila mama alikuwa na sababu ya kuumwagilia maji na kuukinga na mbuzi.

Kikundi chako nacho kipimwe hivyo hivyo. Usijivunie miche mia mliyopanda siku ya sherehe, bali hesabu ni mingapi iliyo hai baada ya kiangazi. Usihesabu watu waliokuja kusafisha mtaro Jumamosi moja. Angalia kama mtaro huo bado unapitisha maji mwezi unaofuata.

Anzeni na jambo moja

Vikundi vingi huanza na mambo kumi: miti, taka, maji, mkaa, kelele za baa na moshi wa matatu. Mwisho wake hakuna hata moja linalokamilika. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi?

Taka za jikoni ni pahali pazuri pa kuanzia. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe takataka majumbani. Hata bila ya sheria, faida iko wazi. Wekeni ndoo mbili katika kila nyumba, moja ya maganda na mabaki ya mboga, nyingine ya vitu vikavu kama chupa, makopo na karatasi. Vile vikavu huwa na wanunuzi ikiwa ni visafi. Maganda nayo huwa mbolea.

Kutengeneza mbolea hiyo hakuhitaji shamba. Tafuteni pipa kuukuu lenye matundu, mpange tabaka la majani makavu na tabaka la maganda, mnyunyize maji kidogo, na kila juma mgeuze kwa koleo. Msitie nyama wala mafuta, maana mtawaita panya. Baada ya miezi mitatu hivi mtapata udongo mweusi usionuka. Ujazeni katika gunia, mpande sukuma wiki juu na ubavuni, na hapo jirani aliyekuwa akicheka atauliza mlifanyaje.

Ulimi ndio askari wenu

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, wengi walidhani haiwezekani. Iliwezekana kwa sababu Serikali ina askari na mahakama. Kikundi hakina askari, kina ulimi tu. Ukiutumia vibaya umekwisha.

Mama anayepikia mkaa hapendi moshi. Ananunua kile ambacho mfuko wake unakiweza. Ukisimama mkutanoni na kumwita mharibifu wa misitu, hatarudi, na majirani zake hawatakuja. Lakini mwonyeshe jinsi jiko la udongo lililozungushiwa bati linavyokula mkaa mchache. Mwonyeshe kikapu kilichotandikwa vitambaa vizito. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, yakisha kuchemka vizuri kwa nusu saa, hufunikwa ndani ya kikapu hicho yakaendelea kuiva kwa saa kadhaa bila moto. Akiona mkaa wa siku mbili umemfikisha siku ya tatu, yeye mwenyewe atakuwa mwalimu.

Fedha na vyeo

Hapa ndipo vikundi vingi huzikwa. Hata shilingi hamsini za kila mwezi huleta ugomvi ikiwa hazina daftari. Mweka hazina asome hesabu kila mkutano, fedha zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na mauzo ya chupa yaandikwe siku ile ile. Asiulizwe mtu kwa kunong'onezana. Aulizwe mbele ya wote.

Jiandikisheni pia. Sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya kijamii inataka watu wasiopungua kumi, wenye katiba na viongozi waliochaguliwa. Katiba iseme wazi mwenyekiti atakaa kwa muda gani. Kikundi ambacho mwenyekiti hang'oki hugeuka kuwa duka lake, na wengine hawana budi kwenda zao.

Vijana nao wasiachiwe kazi ya kubeba koleo peke yake. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuandika kumbukumbu za mkutano vizuri kuliko sisi wazee. Mpe kalamu, na umsikilize anaposema. Kijana anayeonekana ni mwenye kikundi hatatupa chupa mtaroni, wala hatakubali rafiki yake aitupe.

Mwisho, msingoje mtaa mzima ukubali. Nyumba kumi za ploti moja zenye ndoo mbili kila moja zinatosha. Mwenye ploti akiona jaa limepungua na panya wamehama, yeye mwenyewe ataiambia ploti ya pili.

Basi Jumapili hii, kabla ya chakula cha jioni, bisha hodi kwa majirani watatu. Usiwahutubie juu ya dunia nzima. Waulize tu kama nao wamechoshwa na ule mtaro, na ni siku gani wana nafasi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kikiwa cha mbolea, mtakula mboga zake.